Kwaya, ulanzi na rege katika kipindi kimoja: nifanye nini ili wasikilizaji wasinikimbie?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtangazaji wa kike katika redio ya jamii mjini Iringa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisoma taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji, hadi mwaka jana uongozi uliponikubalia ombi nililokuwa nimelipeleka mara kadhaa: kuwa na kipindi cha muziki unaopigwa mubashara studio, kila Jumamosi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 4. Hamu hiyo niliipata kwa kusikiliza redio za mbali kwa njia ya intaneti, hasa KCRW ya Santa Monica, California, ambayo kipindi chake cha asubuhi huchanganya muziki wa kila aina, na katikati yake mgeni huingia studio na vyombo vyake akapiga. Nilijiuliza kwa nini jambo hilo lisifanyike kwetu, mahali ambapo kila usharika una kwaya, wazee wanaojua ngoma za Kihehe na Kibena bado wapo, wapiga magitaa wa enzi za bendi hawajaisha, vijana wa bongo fleva wamejaa mitaani, na wanafunzi wa vyuo wanapiga rege mabwenini.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Watu walishangaa kusikia redioni sauti ya jirani yao wa Kihesa au Mlandege, na wageni wengine walikuja na familia nzima. Baada ya miezi michache, malalamiko yakaanza. Mzee mmoja wa Ifunda alituma ujumbe akisema anafungua redio ili asikilize ngoma za kwao, lakini kabla hajakaa vizuri anakutana na kelele za vijana. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba kwaya ikianza yeye huzima redio. Mwingine aliandika maneno mawili tu: "Mnatuchanganya."

Lililoniumiza zaidi lilitokea katika msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nilialika kwaya ya usharika wetu, ambayo mwalimu wake ni mjomba wangu, pamoja na kundi la ngoma kutoka upande wa Kilolo. Kwaya iliimba nyimbo tatu, nikaishukuru, nikapiga tangazo la mbolea, kisha nikawaachia nafasi wale wa ngoma. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa wa kusifu ulanzi na kumcheka mume aliyelewa akalala njiani. Wanakwaya walikuwa bado wamekaa kwenye benchi pale pale chumbani, katika sare zao, wakisubiri gari. Mjomba alisimama akatoka nje bila kusema neno, na tangu siku ile hapokei simu yangu. Mzee mmoja wa usharika alimpigia meneja wetu kulalamika, na mama ananiambia nimemvunjia heshima kaka yake mbele ya watu.

Yapo pia matatizo ya sauti. Studio yetu ni chumba kidogo kilichokuwa stoo, tuna maikrofoni nne na miksa ndogo, na fundi mitambo ni mmoja ambaye anaupenda sana muziki lakini hajafundishwa kazi hii. Ngoma zinameza sauti za waimbaji, kwaya inasikika kwa mbali, na mara nyingine unatokea mlio mkali unaotoboa masikio hadi tunalazimika kuzima kila kitu.

Sasa meneja amenipa hadi mwisho wa mwezi. Anasema ama kipindi kiwe cha bongo fleva na nyimbo za injili zinazopigwa kutoka kwenye kompyuta, ama kifungwe, kwa sababu hakina mdhamini na kinaleta ugomvi. Nauli za wageni nazitoa kwenye mshahara wangu, ambao si mkubwa. Wiki iliyopita kijana anayesimamia msanii mmoja aliniletea bahasha, akitaka msanii wake awe anakuja kila Jumamosi. Nimeiweka kwenye droo, sijaifungua.

Shangazi, je, nichague aina moja ya muziki na kuachana na hizi nyingine? Na nitawezaje kurudi mbele ya mjomba wangu?

Mtangazaji wa Jumamosi,
Iringa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Nianze na swali lako kubwa, kwa sababu mengine yote yanalifuata. Usichague aina moja. Nimesoma barua yako kwa makini, na naona karibu kila lalamiko linaangukia mahali pamoja, yaani pale wimbo mmoja unapoisha na mwingine unapoanza. Umeandika mwenyewe kwamba uliishukuru kwaya, ukapiga tangazo, ukawaachia nafasi wale wa ngoma. Katika kipindi cha aina moja ya muziki mtangazaji anaweza kufanya hivyo na asidhuru kitu, kwa kuwa muziki wenyewe unajiunganisha. Katika kipindi cha mchanganyiko kiunganishi ni wewe, na usiposema kwa nini huyu amekaa karibu na yule, msikilizaji hubaki peke yake na mshtuko wake. Yule aliyekuandikia kwamba mnawachanganya alikuwa anaomba jambo hilo hasa.

Wala usikubali kuambiwa kwamba msikilizaji wa Iringa hana uwezo wa kusikiliza vitu tofauti. Huyo mzee wa Ifunda, kama umri wake ni ninavyoudhania, amekulia mbele ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hadi redio binafsi ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa redio ya wananchi wa Bara. Katika redio hiyo moja alisikia dansi, taarabu, kwaya na ngoma za makabila, na hakuhama kituo kwa kuwa alijua anachokisikia ni nini na kimetoka wapi. Bendi alizozipenda zilikuwa mchanganyiko tayari: rumba iliyotoka Kongo, magitaa ya umeme, matarumbeta, na ndani yake mapigo ya nyumbani. Mlimani Park Orchestra ilipouita mtindo wake Sikinde, ilichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Hapo kwenu Iringa palikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyovuma katika miaka ya 1980, na sina shaka kwamba baadhi ya wapiga magitaa unaowasema waliisikiliza wakiwa vijana wakatamani kupiga kama wao. Ukimwalika mmoja wao akaeleza hilo kabla ya kugusa nyuzi, mzee wa Ifunda atakaa kitako.

Kwa upande wa ng'ambo, mtu ninayependa umfahamu ni John Peel wa BBC. Alitangaza katika Radio 1 tangu ilipoanzishwa mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, na katika usiku mmoja aliweza kupiga panki ya Kiingereza, rege ya Jamaika na magitaa ya Bhundu Boys kutoka Zimbabwe. Wanamuziki walikuwa wakiingia studio za BBC kwa sababu iliyokuwa ya lazima: makubaliano na kampuni za santuri pamoja na chama cha wanamuziki yaliweka kikomo cha saa za kupiga santuri hewani, hivyo muda uliobaki ulihitaji watu wanaopiga wenyewe. Bendi ilikwenda studio za Maida Vale, ikarekodi kwa kawaida nyimbo nne kwa siku moja, na rekodi hiyo ikapigwa baadaye ndani ya kipindi. Hiyo siku moja ya kurekodi iweke akilini, maana nitairudia nikifika kwenye tatizo la sauti.

Sasa tuje kwenye maungio yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kazi yako ilipo. Vitu viwili vinavyofuatana viwe na jambo moja linalofanana, nawe ulitaje kwa sentensi mbili au tatu, si zaidi. Linaweza kuwa chombo, mwendo wa mapigo, namna ya kuitikiana, au habari inayoimbwa. Chukua ligombo la Wahehe: waya mmoja unaopitishwa na kurudishwa mara nyingi juu ya ubao uliochimbwa kina, pamoja na kibuyu cha kukuza sauti. Mtafiti Hugh Tracey alirekodi wapigaji wake alipozunguka Tanganyika mwaka 1950. Kama bado unaweza kumpata mzee anayelipiga, mweke kabla ya mpiga gitaa, uwaombe wote wawili wacheze kwanza nyuzi zao polepole bila kuimba, na msikilizaji atauona undugu wenyewe hata kabla hujasema kitu. Kutoka kwa gitaa hilo unaweza kwenda kwa kijana wa rege bila kumshtua mtu, kwa kuwa gitaa la rege nalo hukatakata mapigo, na wewe utakuwa umewaambia wasikilize hicho. Kijana wa bongo fleva mwombe aimbe na gitaa moja au na ngoma moja, bila mdundo wa kompyuta. Wengi wao wana sauti nzuri ambazo hazijawahi kusikika zikiwa peke yake.

Jumamosi ile ya ulanzi ungeweza kusema hivi: "Hiyo ilikuwa kwaya ya usharika wetu, sauti nne bila chombo chochote. Tunaagana nao kwa shukrani, na baada ya gitaa la mzee wetu tutakuwa na kundi kutoka Kilolo, ambalo nalo huimba kwa mmoja kuanzisha na wengine kupokea. Wao wana ngoma tatu, na wimbo wao ni wa msimu huu wa ulanzi, unaomkanya mwanamume aliyekunywa hadi akasahau njia ya nyumbani." Angalia kwamba kwaya imeagwa, kitu cha tatu kimewekwa katikati, na wimbo wa ulevi umetambulishwa kwa upande wake wa kukanya, ambao kwa maelezo yako ulikuwamo, maana waliimba wakimcheka aliyelala njiani. Nakushauri maneno ya namna hiyo uyaandike mapema katika wiki, baada ya kuongea na wageni na kujua wataimba nini. Mtangazaji anayeyatafuta maungio akiwa hewani huishia kusema "na sasa tuendelee".

Mahojiano yawe mafupi na yahusu kilichoko mbele yenu. Swali la "ulianza lini muziki" linamfanya kila mgeni afanane na mwenzake. Muulize mwenye ligombo waya wake ameupata wapi na hukatika baada ya muda gani, muulize mwalimu wa kwaya sauti ipi humsumbua zaidi kuifundisha, halafu unyamaze umsikilize.

Hapo ndipo tunapofika kwa mjomba wako, na hapa nitasema wazi. Kosa lililomgusa halikuwa kuwaalika watu wa ngoma. Kosa lilikuwa kutomwambia kabla kwamba atakaa chumba kimoja nao na wataimba nini, hivyo akajikuta mbele ya wanakwaya wake katika hali ambayo hakuichagua. Mtu mzima anayewaongoza watu wa kanisa ana wajibu kwao, nawe ulimnyima nafasi ya kuutimiza. Nenda kwake nyumbani, usimpigie simu. Usiende peke yako. Mwombe mama yako au mtu mzima mwingine anayeheshimiwa na pande zote mbili akutangulie, umsalimie mjomba ipasavyo, na uombe radhi kwa jambo hilo moja la kutomwarifu. Usiombe radhi kwa niaba ya kundi la Kilolo, kwa sababu nao ni wageni wako, walisafiri kuja kwako, na hawakumtukana mtu. Mweleze kwamba kuanzia sasa kila mgeni atajua mapema nani mwingine amealikwa na saa ngapi, na kwamba kwaya zitaimba katika nusu saa ya kwanza na kuondoka kabla makundi mengine hayajaingia. Akikuambia kwamba kwaya yake haitarudi tena, lipokee hilo kwa heshima na usimbishie siku hiyo. Mzee wa usharika naye mfuate, lakini baada ya mjomba. Ukimtangulia, utaonekana umekwenda kumshtaki.

Kuhusu sauti, nina mengi ya kusema, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya wale wanaozima redio wanakimbia usikivu mbaya wala si aina ya muziki. Kwaya inayosikika kwa mbali haiwezi kupendwa hata na anayependa kwaya.

Mlio mkali unaotoboa masikio hutokea pale sauti inayotoka kwenye spika inapoingia tena kwenye maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka tena, ikaendelea kuzunguka hivyo. Katika chumba kidogo dawa yake ni kutokuwa na spika inayolia maikrofoni zikiwa wazi; wewe na fundi mtumie hedifoni, na wapigaji wasikilizane kwa masikio yao, kama wanavyofanya wakiwa uwanjani. Kuta tupu za stoo nazo zinarudisha sauti. Tundika mablanketi mazito na mapazia, egemeza magodoro kwenye kona, tandika zulia sakafuni. Havihitaji kuwa vipya.

Maikrofoni za kawaida za mkononi husikia zaidi mbele na hupokea kidogo sana nyuma. Kwa hiyo mweke mwimbaji mbele ya maikrofoni, kiasi cha shubiri moja kutoka kinywani, na ngoma ziwe upande wa nyuma wa maikrofoni hiyo, mbali kadiri chumba kinavyoruhusu. Ukipunguza umbali kati ya mwimbaji na maikrofoni kwa nusu, sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 6 bila kugusa miksa, na hayo ni mafanikio makubwa kuliko kuzungusha vifungo. Kama mnatumia maikrofoni mbili kwa watu wawili, umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya mtu na maikrofoni yake: akiwa sentimita 30 kutoka kwake, ile ya jirani iwe sentimita 90 mbali. Msipofanya hivyo, sauti ile ile inaingia katika maikrofoni mbili kwa nyakati tofauti kidogo, sehemu zake zinafutana, na mwimbaji anasikika kama anaimba ndani ya pipa. Nadhani ndicho kilichoipata kwaya.

Kwaya ya watu 15 haihitaji maikrofoni 15. Wapange nusu duara, weka maikrofoni moja au mbili mbele yao kwa urefu unaozidi kidogo vichwa vyao, zikielekea kwenye vinywa, kisha wasikilize kwa hedifoni. Mwenye sauti kali arudi nyuma hatua moja, mwenye sauti laini asogee mbele. Bendi za zamani zilizorekodiwa Redio Tanzania zilipiga pamoja kwa wakati mmoja katika chumba kimoja, na uwiano ulipatikana kwa namna walivyosimama na walivyojizuia kupiga. Rekodi hizo zinapendwa hadi leo, kwa hiyo usimkubalie mtu anayesema kwamba maikrofoni nne hazitoshi.

Jambo moja linawahusu zaidi ninyi wa nyanda za juu. Usiku wa Juni na Julai, mtu anayetoka Kilolo au Njombe na gitaa mgongoni kwenye pikipiki hufika nalo likiwa baridi kabisa, na likiingia katika chumba chenye watu wengi nyuzi hupata joto, hulegea, na sauti hushuka. Ngoma kwa upande wake hukazwa ngozi kwa kupashwa moto, na ikikaa katika hewa yenye unyevu hulegea tena taratibu. Wageni wafike saa 12 jioni, magitaa yakae chumbani kabla ya kukazwa, na ngoma zipashwe uani dakika chache kabla ya zamu yake. Ukiona kundi linaomba kurudi kwenye moto katikati ya kipindi, waruhusu, na uwaambie wasikilizaji wanafanya nini. Wazee watafurahi kusikia kwamba jambo hilo limezingatiwa.

Pale inaposhindikana, rekodi kabla. Ndiyo maana nilikutajia ile siku moja ya Maida Vale. Ngoma yenye wachezaji wengi haiwezi kuenea katika stoo yenu, na wala hapo si mahali pake. Nenda na fundi mchana, irekodini uwanjani ambako vumbi na vigelegele ni sehemu yake, kisha mje na rekodi hiyo studio pamoja na mtu mmoja wa kundi aielezee. Waambie wasikilizaji kwamba imerekodiwa. Na umeme ukikatika wakati wa kipindi, rekodi chache za namna hiyo zilizo kwenye kompyuta yenye betri nzuri zitakuokoa endapo mtambo wa kurushia matangazo una jenereta.

Bahasha irudishe kesho, ikiwa imefungwa hivyo hivyo, mbele ya shahidi, na umwarifu meneja kwa maandishi. Hiyo ni rushwa, na kila siku inayokaa kwenye droo yako inakuwa ngumu zaidi kuielezea. Msanii huyo akija kuomba nafasi kwa njia ya kawaida, asikilizwe kama wengine.

Nauli ni jambo jingine, na usiendelee kuitoa mfukoni mwako, kwa sababu kipindi kinachoishi kwa mshahara wa mtangazaji hakina mwenyewe siku mtangazaji akiugua. Mwanamuziki anayepiga redioni anafanya kazi. Kama kituo hakiwezi kumlipa, angalau kimpe nauli, chakula, na nakala safi ya rekodi yake aitumie apendavyo, na aambiwe hivyo kabla hajatoka kwao. Pia kumbuka kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, mtumbuizaji ana haki juu ya utumbuizaji wake, kwa hiyo tayarisha karatasi moja ya Kiswahili chepesi ambayo kila kundi litasaini: tunarusha mubashara, tunahifadhi au hatuhifadhi rekodi, tunaiweka au hatuiweki mtandaoni. Wanaopiga nyimbo za watu wengine wazitaje, nanyi mhakikishe masuala ya hakimiliki ya kituo chenu yamekaa sawa. Katika karatasi hiyo hiyo andika majina ya wote waliopiga, chombo cha kila mmoja, na tarehe. Baada ya miaka michache mtakuwa na hazina ya muziki wa Iringa ambayo hakuna redio nyingine iliyo nayo.

Limebaki suala la meneja wako. Usimwendee kubishana naye juu ya uzuri wa mchanganyiko. Mweleze kwamba amepokea malalamiko ya aina tatu, yaani mpangilio, usikivu na fedha, na kwamba kila moja lina njia yake. Mpelekee kwa maandishi ratiba ya vipindi vinne vijavyo ikionyesha nani atafuata nani na kwa nini. Mpelekee daftari la simu na ujumbe wa wasikilizaji, ukijumuisha wanaokulaumu, ukionyesha mahali wanapotoka na kitu gani kilikuwa hewani walipoandika. Usiongeze hata mmoja, na umkumbushe kwamba wanaoandika huwa ni wachache kuliko wanaosikiliza. Mkumbushe pia, kwa adabu, kwamba leseni ya redio ya jamii hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili ya kuihudumia jamii ya eneo husika, na kwamba nyimbo za kompyuta anazozitaka zinapatikana katika kila kituo kinachosikika Iringa, ilhali kwaya ya Kihesa na ligombo havipatikani kwingine. Kwa udhamini, usianze na makampuni makubwa. Wauzaji wa mbegu na pembejeo, vyama vya akiba na mikopo, wenye mabasi ya kwenda Mafinga na Makambako, hao ndio ambao wateja wao wanamjua anayepiga ngoma hewani. Mwenye basi anaweza hata kulipa kwa kuwasafirisha wageni wako, na hapo nauli imekwisha.

Mwombe miezi mitatu. Akikataa, mwombe saa moja badala ya mbili, ambapo nusu ya kwanza utampa bongo fleva na injili anazozitaka, lakini zipigwe na watu walioko chumbani, na nusu ya pili iwe yako. Jumamosi ya kwanza usialike zaidi ya wageni wawili. Mmoja awe mpiga gitaa mtu mzima, mwingine awe yule mwanafunzi anayezima redio kwaya inapoanza, kama anajua kupiga au kuimba chochote, kwa sababu namba yake unayo na bado anakusikiliza.